Jumapili ya Nani?

Kila mwaka tarehe 16 Februari inapokaribia, vikundi vya vijana katika parokia nyingi za nchi yetu hutafuta namna ya kuwakumbuka Wakristo waliouawa Kinshasa siku hiyo, mwaka 1992. Wengine huandaa igizo, wengine husali Njia ya Msalaba, wengine humwalika mzee aje kueleza. Sisi vijana wa Musonoi, tulipoulizwa mwaka huu tutafanya nini, tulijibu bila kufikiri sana kwamba tutaimba wimbo wa roki. Tunaandika ili kuwasimulia wenzetu jinsi wimbo huo ulivyotusumbua, maana tulidhani kazi itakuwa kujifunza ngoma tu.

Wimbo wenyewe ni wa bendi ya U2 ya Dublin, nao unaitwa "Sunday Bloody Sunday", yaani Jumapili ya damu. Ulitoka mwaka 1983 katika albamu yao iitwayo War. Mwenzetu mmoja aliukuta katika simu ya mjomba wake, akatusikilizisha baada ya mazoezi ya kwaya. Hatukuelewa maneno yote, lakini tulielewa ngoma. Wimbo ule unaanza kwa ngoma peke yake, kabla ya gitaa na kabla ya sauti ya mtu: ngoma ndogo kavu, inayotembea kama kikosi cha askari barabarani. Tulipoisikia tulinyamaza wote.

Tulipopeleka wazo letu kwa padri, alituuliza maswali mawili. La kwanza, tutaupiga wapi? Tulijibu kwamba hatutaupiga katika Misa bali ukumbini, jioni, baada ya watu kusali. La pili, je, tunajua unasema nini? Hapo tulikiri kwamba hatujui vizuri. Akatupa juma moja tukajifunze.

Tulichojifunza ni hiki. Tarehe 30 Januari 1972, katika mji wa Derry, Ayalandi ya Kaskazini, watu walikuwa wakiandamana kudai haki za raia. Askari wa Uingereza waliwafyatulia risasi. Watu 13 walikufa siku hiyo, na mwingine aliyejeruhiwa alifariki miezi michache baadaye. Wengi wao walikuwa vijana. Jackie Duddy alikuwa na miaka 17. Ipo picha iliyozunguka dunia nzima: padri Edward Daly anatangulia ameinama, akipeperusha kitambaa cheupe chenye damu, na nyuma yake watu wanambeba kijana huyo. Baadaye padri huyo akawa askofu wa Derry. Uchunguzi wa kwanza uliwatetea askari kwa sehemu kubwa, na familia zikangoja miaka 38. Ni mwaka 2010 tu ndipo uchunguzi wa pili ulipotangaza kwamba waliouawa hawakuwa na hatia, na waziri mkuu wa Uingereza akaomba msamaha bungeni.

Tuliposoma hayo, kila mmoja wetu aliona Kinshasa. Mwaka 1992 pia ilikuwa Jumapili. Mkutano Mkuu wa Taifa, ambao wananchi waliutumaini kwamba utaitoa nchi katika utawala wa mtu mmoja, ulikuwa umesimamishwa mwezi Januari. Kamati ya walei iliwaita Wakristo waandamane kwa amani kudai ufunguliwe tena. Watu walitoka makanisani wakiwa na rozari, Biblia na matawi mikononi, wakapigwa risasi. Mwezi Aprili mkutano ulifunguliwa tena chini ya uongozi wa Monsinyori Laurent Monsengwo. Kwa hiyo tulimrudia padri tukiwa na majibu. Jumapili mbili, nchi mbili, askari waliowafyatulia raia waliokuwa wakiandamana. Wimbo wa Derry utawalilia watu wa Kinshasa. Padri alisema tuendelee.

Ndipo tukakutana na ngoma yenyewe.

Mpigaji wa U2, Larry Mullen, alizaliwa Dublin mwaka 1961, na alipokuwa kijana alipiga katika bendi za matarumbeta zinazotembea kwa gwaride. Ukijua hilo unaelewa mikono yake. Katika kila kipimo cha mapigo manne anagawanya kila pigo mara nne, hata yanakuwa mapigo madogo 16, akiyapanga kati ya matoazi na ngoma ndogo bila kuacha nafasi ya kupumua. Mwendo si wa haraka. Ni karibu mapigo 100 kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea kwa nia. Waliporekodi wimbo ule katika studio ya Windmill Lane, ngoma ziliwekwa karibu na ngazi za jengo ili sauti ipande juu na kurudi. Ndiyo maana ngoma ile inasikika kama inapigwa katika uchochoro wenye kuta ndefu.

Sisi hatukuwa na ngazi wala studio. Tulikuwa na ukumbi wa parokia wenye paa la mabati, ambalo mvua ikinyesha hakuna anayemsikia jirani yake. Tulikuwa na ngoma ndogo moja ambayo nyuzi zake za chuma za chini zilikuwa zimekatika, isipokuwa tatu. Ngoma kubwa ya mguu ilikuwepo, lakini kikanyagio chake kilipotea zamani. Matoazi yalikuwa mawili, moja likiwa na ufa. Zaidi ya hapo tulikuwa na ngoma tatu za ngozi za kwaya, manyanga, na kipande cha chuma ambacho hugongwa kuwaita watoto wa katekisimu.

Tulijaribu kwanza kuiga kila kitu kama kilivyo. Mpigaji wetu, kijana mwenye subira, aliusikiliza wimbo kwa simu mpaka moto ukaisha, akausikiliza tena kesho yake. Alipunguza mwendo, akahesabu kwa sauti, akapiga juu ya goti, kisha juu ya kiti, kisha juu ya ngoma. Baada ya siku nne aliweza. Lakini ilisikika vibaya. Ngoma isiyo na nyuzi hailii kwa ukavu ule, inaguna tu. Na toazi lenye ufa lilitoa sauti ya sufuria iliyoanguka. Mmoja wetu alisema kwa mzaha kwamba hiyo si Jumapili ya damu, ni Jumamosi ya kuosha vyombo. Tulicheka, lakini tulikuwa tumekata tamaa.

Tukakumbuka kwamba sisi si wa kwanza katika sehemu hizi kukutana na muziki uliotoka mbali. Kule Kamina, kaskazini kwetu, padri Mfransisko Guido Haazen alikusanya watoto na wanaume, nao wakaimba maneno ya Misa ya Kilatini kwa miendo na ngoma za huku. Ndiyo ile Missa Luba iliyorekodiwa mwaka 1958, kabla hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujaanza. Miaka 30 baadaye, mwaka 1988, Roma ilikubali utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, na leo hakuna anayeshangaa ngoma zikilia wakati wa Utukufu. Wazee wetu hawakuukataa wimbo uliotoka mbali wala hawakuuiga. Waliuuliza unaweza kutembeaje kwa miguu ya hapa.

Basi nasi tukauuliza wimbo huo swali hilo. Ngoma za kwaya yetu kwa kawaida hazigawanyi pigo mara nne. Huligawanya mara tatu, hata kipimo kinakuwa na mapigo madogo 12. Kumi na sita na kumi na mbili zinaonekana kama maadui, lakini zinakutana mwanzoni mwa kila pigo kubwa, mara nne katika kila kipimo, kisha zinaachana tena. Ugumu ni kuzisikia zote mbili bila kuvutwa upande mmoja. Dada mmoja wa kwaya alipata njia ya kutufundisha, nasi tunawaachia wenzetu wanaotaka kujaribu. Kundi moja liseme, sawasawa na mwendo: Mu-so-no-i, Mu-so-no-i. Kundi la pili, kwa mwendo huohuo, liseme: Ko-lwe-zi, Ko-lwe-zi. Silabi nne na silabi tatu, zikianza pamoja na kumalizika pamoja. Mwanzoni kila mtu hucheka na kupotea. Baada ya nusu saa mwili unakubali. Ngoma ndogo ikachukua Musonoi, ngoma za ngozi zikachukua Kolwezi.

Ngoma ndogo tuliirekebisha kwa nyaya nyembamba tulizozitoa katika mashine mbovu, tukazivuta chini ya ngozi mpaka ikaanza kukoroma inavyopaswa. Ngoma kubwa tuliilaza, ikapigwa kwa rungu lililofungwa kitambaa. Mwangwi wa ngazi tuliupata kwa ujanja: mpigaji wa ngoma ndogo alikaa nje ya ukumbi, katika njia ya kuta za saruji inayoelekea ghalani, mlango ukiwa wazi.

Hapo ndipo tulipoona tumefanya jambo kubwa. Tuliupanga wimbo kama mchezo wa kuigiza. Taa zinazimwa. Ngoma ya askari inaanza nje, mbali, gizani. Inasogea, maana mpigaji ameifunga shingoni na anatembea. Ndani, watu wanaanza kupiga makofi, ngoma za ngozi zinaingia chini kwa chini. Ngoma ya askari inafika mlangoni na kusimama. Wao nje, sisi ndani. Kila tulipofanya mazoezi, tukifika pale mlangoni, nywele zilitusimama. Tuliandika na maneno ya utangulizi, yenye Derry mwaka 1972 na Kinshasa mwaka 1992. Tulijivuna, lazima tukiri.

Jumamosi moja kabla ya sikukuu tulifanya mazoezi makubwa. Katika kona ya ukumbi alikuwako bibi mmoja anayefagia na kupanga viti. Tunamwita Kambo, kama tunavyowaita wazee wote wa umri wake. Alikuwa ameketi, ufagio magotini, akatusikiliza mpaka mwisho. Tulipomaliza tulingoja atupongeze. Akauliza kwa Kiswahili chetu cha huku:

"Batoto, ile yenga munaimba, iko yenga ya nani?"

Alikuwa akiuliza hiyo Jumapili tunayoiimba ni Jumapili ya nani. Tulimweleza habari za Derry. Tulimweleza habari za Kinshasa. Alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayesikiliza habari za safari ya mwingine. Kisha akauliza kwa nini askari yuko nje ya mlango. Tukamjibu kwamba askari ni adui, naye hutoka nje. Kambo alinyamaza kidogo, akasema kwamba aliyegonga mlango wake yeye alikuwa anamjua kwa jina.

Alitusimulia mambo ambayo wengi wetu tulikuwa tumeyasikia vipande vipande, kwa sauti ya chini, watoto wakifukuzwa chumbani. Mwaka 1992 huohuo, miezi michache baada ya maandamano ya Kinshasa, hapa Katanga watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa, Likasi kwanza. Mwezi Machi 1993 ikafika zamu ya Kolwezi. Wengi walikuwa wamezaliwa hapahapa. Baba na babu zao waliletwa kufanya kazi migodini na kwenye reli. Kambo alizaliwa katika nyumba ya kampuni, hakuwahi kuiona Kasai hata siku moja. Mume wake alikuwa kazini. Waliokuja walikuwa vijana wa mtaa, na mmoja wao alikuwa amekula nyumbani mwake juma lililotangulia. Waligonga madebe barabarani kuanzia jioni. Hawakuwa na ngoma, alisema, walikuwa na madebe, lakini mwendo ulikuwa mmoja, na kila alipousikia ukikaribia alijua wamebakiza nyumba ngapi.

Familia yake ilikaa kituo cha treni majuma mengi, chini ya turubai, ikingoja mabehewa ya kwenda Mwene-Ditu. Mtoto wake wa mwisho hakufika huko. Kambo hakueleza zaidi ya hapo. Alirudi Kolwezi baada ya miaka, akakuta nyumba ina watu wengine, akapanga chumba nyuma ya soko. Alipomaliza kusimulia alisimama, akaendelea kufagia.

Hatukufanya mazoezi tena siku ile. Tulikaa nje, chini ya mwembe, tukaanza kubishana, na mabishano hayo yalikuwa mabaya kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Mmoja alisema wimbo ubaki kama ulivyo, maana tumeombwa kuwakumbuka mashahidi wa Kinshasa, si kufukua makaburi ya Kolwezi. Mwingine alisema wazazi watatutoa katika kikundi. Dada mmoja, ambaye mama yake alizaliwa kituoni mwaka ule wa 1993, alisema kwa sauti ndogo kwamba amekaa nasi miaka mitano na hajawahi kulitamka jambo hilo, kwa sababu hakujua nani kati yetu ni mjukuu wa nani. Hapo kila mmoja aliangalia miguu yake. Mwenzetu mwingine alisimama akaondoka bila kuaga. Baadaye tulifahamu sababu: nyumba anamolala, babu yake aliipata mwaka huohuo, na nyumbani kwao hilo halizungumzwi. Kwa siku mbili hakuja, wala hakupokea simu.

Tulikwenda kwa padri tukitumaini atatuamulia. Hakutuamulia. Alitusomea habari ya Kaini katika kitabu cha Mwanzo, akatuonyesha kwamba katika mauaji ya kwanza ya Biblia hakuna jeshi wala serikali, kuna ndugu wawili shambani. Kisha akatuonyesha nabii Amosi, sura ya tano, pale Mungu anapozichoka nyimbo na vinanda vya watu wanaoimba vizuri huku haki haitiririki. Akafunga kitabu, akatuambia ukumbi utakuwa wazi kuanzia saa kumi.

Tunapenda kuwaeleza wenzetu tulichobadilisha, kwa sababu kwetu sisi tafakari yote ilipita katika mabadiliko hayo. Hatukuwa na hotuba ya kutoa. Tulikuwa na ngoma ya kupanga upya.

Kwanza, tulimtoa askari nje tukamleta ndani. Ngoma ndogo iliwekwa katikati ya ukumbi, katikati yetu, watu wakiizunguka. Tulipoteza mwangwi mzuri wa njia ya ghalani, na mpigaji wetu alisikitika, maana hakuna kilichopendeza kama ile sauti inayotoka gizani. Lakini hatukuweza tena kuwaambia watu wa Musonoi kwamba hatari hutoka nje tu.

Pili, tuliamua kwamba ngoma hiyo haitapigwa na mtu mmoja. Itapita mikononi mwa watu sita, bila mwendo kukatika. Si kazi rahisi. Anayepokea husimama kushoto kwa anayepiga, akiwa na vijiti vyake, naye huanza kwa kugonga ukingo wa ngoma taratibu mpaka mikono yake iwe sawa na ya mwenzake. Ndipo wa kwanza anaondoa mkono wa kushoto, wa pili anaingiza wa kwake. Kipimo kinachofuata wanabadilishana mkono wa kulia. Ukiharakisha, ngoma inajikwaa na kila mtu anasikia. Tulijikwaa mara nyingi. Tuliona jambo la ajabu: mtu anapopokea vijiti, uso wake unabadilika. Ngoma ile ina nguvu, inakuvuta, unataka kupiga zaidi. Yule dada ambaye mama yake alizaliwa kituoni alikuwa wa tatu kupokea. Alipomaliza zamu yake alisema, akishangaa, kwamba ilikuwa tamu.

Tatu, tuliweka ukimya. Baada ya beti la pili vyombo vyote vinasimama kwa vipimo vinane, na kila mtu anahesabu moyoni: Kolwezi, Kolwezi. Kisha ngoma za ngozi zinarudi peke yake, na ngoma ndogo hairudi kabisa mpaka mwisho. Katika wimbo wa asili ngoma ya gwaride haiondoki hivyo. Lakini tulikuwa tumesoma kwamba U2 wenyewe walikataa wimbo huo usichukuliwe kuwa wimbo wa uasi au wa kulipiza kisasi. Mwaka 1983 mwimbaji wao Bono aliuimba akiwa na bendera nyeupe mkononi. Na mwaka 1987, siku ambayo bomu liliua watu 11 katika mji wa Enniskillen, safari hii likiwa limetegwa na wanamgambo wa IRA na si na askari wa Uingereza, waliuimba usiku huohuo kwa hasira na uchungu. Siku ile pia ilikuwa Jumapili. Wimbo ulioandikwa kwa ajili ya damu ya upande mmoja ulilazimika kulilia na damu ya upande mwingine. Tena maneno yake ya mwisho yanaelekea kwa Yezu na ushindi wake, si ushindi wa kikosi chochote. Tuliona kwamba kuinyamazisha ngoma ndogo hakuuharibu wimbo.

Maneno ya utangulizi tuliyafupisha. Tulitaja Derry, tukataja Kinshasa, kisha tukataja kituo cha treni cha Kolwezi, Machi 1993, bila kuongeza neno. Tulimwomba Kambo ruhusa kabla. Alisema kituo si chake peke yake.

Jioni ya tarehe 16 ukumbi ulijaa. Wapo waliokuja kwa ajili ya mashahidi, wapo waliokuja kwa sababu walisikia vijana watapiga roki. Umeme ulikatika kabla hatujaanza, kwa hiyo gitaa lilipigwa bila kipaza sauti na waimbaji walilazimika kupaza koo. Kituo kilipotajwa, viti vililia kidogo, kisha pakawa kimya. Tulianza. Kwa woga tuliharakisha, na kufikia mpigaji wa nne tulikuwa mbele sana ya mwendo tuliojizoeza. Mpigaji wa tano aliangusha kijiti kimoja akaendelea na mkono mmoja mpaka mwenzake alipompokonya zamu. Ulipofika ukimya, watu wa nyuma walidhani tumemaliza wakapiga makofi, kisha wakaona hatuondoki wakanyamaza. Vile vipimo vinane vilikuwa virefu kuliko tulivyowahi kuvihesabu. Mtoto mmoja alikohoa. Ngoma za ngozi ziliporudi, tulizisikia kama tumezisikia mara ya kwanza.

Mwenzetu aliyeondoka siku ile chini ya mwembe alikuja. Hakupiga. Alisimama karibu na mlango mpaka mwisho, na tulipotoa vyombo alichukua upande mmoja wa ngoma kubwa tukaibeba pamoja. Hatukumuuliza lolote. Mpaka tunapoandika hatujui kama nyumbani kwao wamezungumza.

Kambo alitushika mkono mmoja mmoja. Tulingoja neno lake, nalo lilikuwa fupi: "Munakimbiza sana." Kweli, tulikimbiza. Lakini tulipokuwa tunapanga viti tuliona amebaki na wazee wengine wanne au watano pale mbele, katika mwanga wa mshumaa, na mmoja wao, baba ambaye tumemwona Jumapili zote za maisha yetu akipitisha kikapu cha sadaka, alikuwa akizungumza huku ameinamisha kichwa. Hatukusikia alichosema. Hatukusogea kusikiliza. Tulivipanga viti polepole kuliko ilivyohitajika, ili tusiwe wa kuzima mshumaa.

Ndugu vijana, kama kikundi chenu kinapenda kuongea juu ya haya, sisi tulijiuliza maswali matatu, na bado tunayo.

Tunapoimba juu ya waliouawa, tunamweka wapi yule aliyeua: nje ya mlango au miongoni mwetu? Ni tarehe gani ya mtaa wetu wenyewe ambayo wazee huitaja kwa sauti ya chini, na ni nani aliyewahi kuwaomba waitaje? Na vijiti vya ngoma ya gwaride vikifika mikononi mwetu, tutajuaje wakati wa kuacha kupiga?